Risaga ya Kiingereza

Sifa ni zake Mungu aliyenipa macho ya kuona nilichokiona, na umri wa kutosha kukisimulia. Kama angenipa asubuhi ile moja tu nyuma ya darasa, bado ningekuwa na deni la shukrani.

Nilifundisha Kiingereza katika sekondari iliyojengwa na wazazi, njia ya kutoka Bunda kwenda Kibara. Ilikuwa miaka ile sukari ilipoanza kurudi madukani na mitumba kujaa mnadani. Shule zilifunguliwa upesi kuliko walimu walivyopatikana. Kidato cha pili changu kilikuwa na wanafunzi themanini katika chumba kimoja, vitabu kumi, na chaki zikiisha tuliandikia vipande vya muhogo mkavu. Nilikuwa nasoma sentensi, nao wanaiitikia kwa pamoja mpaka mabati yanalia. Nilidhani huko ndiko kufundisha.

Siku moja akaja mkulima wa pamba, baba wa binti aliyekaa dawati la nyuma kabisa. Hakutaka kiti. Alisema binti yake ana mwaka wa pili shuleni, na nyumbani hawajamsikia akitamka hata neno moja la Kiingereza.

"Wewe mwalimu, umemsikia?"

Mwandiko wa binti yule niliujua. Sauti yake sikuijua. Ilikuwa imezama ndani ya sauti za wenzake. Nikakiri kwamba sijamsikia.

Mzee hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema atarudi pamba ikianza kupasuka. Akikuta binti bado hasemi, ataondoka naye akavune, kwa sababu mikono nyumbani haitoshi.

Nilimwomba Mungu siku nyingi. Kilichonijia ni shamba la mama yangu. Kwetu, shamba kubwa hulimwa kwa risaga: majirani wanakuja na majembe, leo kwako, kesho kwangu. Kila mtu anapewa mstari wake, na hakuna anayekwenda kula mpaka mstari wa mwisho umefika ukingoni. Aliyemaliza mapema huzunguka upande wa pili akampokea mwenzake. Mgeni akipita, naye hupewa jembe. Nikakumbuka pia kwamba Bwana alipolisha umati, aliuketisha kwanza makundi makundi.

Jumatatu nikawatoa nje, kwenye majabali nyuma ya darasa. Kundi la watu wanane, kitabu kimoja. Kila mmoja asome aya yake na kuieleza kwa Kiingereza, na kundi lisinyanyuke mpaka wa mwisho amalize. Wakauliza togwa iko wapi, maana risaga bila togwa ni adhabu. Mkuu wa shule alipita akaniuliza kama nimefungua mnada.

Wiki za kwanza zilikuwa kelele tupu, nyingi za Kijita na Kisukuma. Kisha polepole Kiingereza kikaanza kuchipua, kibovu lakini hai. Kundi la binti yule lilimsubiri mara nyingi mpaka kengele ya mapumziko ikapita. Ila kila nilipolikaribia, alinyamaza. Pamba ikaanza kupasuka nami sijamsikia.

Mzee akatokea asubuhi, kofia mkononi, tukiwa tayari mawe yetu tumeyakalia. Kabla sijamfikia, kijana mmoja wa kundi la binti akasimama.

"Shikamoo mzee. Karibu kwenye mstari. Jembe hili hapa." Akampa kitabu.

Wakacheka, na mzee akacheka, kwa kuwa risaga aliijua tangu utoto. Akaketi juu ya jiwe. Aya iliyofuata ilikuwa ya binti yake. Mimi nikabaki nyuma ya jabali, nisije nikamnyamazisha tena.

Alisoma, baba yake akimshikia kitabu. Sauti ilikuwa nzito kidogo, haina haraka. Habari ilihusu familia iliyohama kijiji kwa sababu ya ukame. Kila baada ya sentensi alisimama akamweleza baba yake kwa lugha ya nyumbani, naye mzee akaitikia kwa kichwa. Halafu mzee akamkatisha.

"Mama, ng'ombe waliwaacha na nani?"

Kitabu hakikusema. Nilikuwa nimeifundisha habari ile miaka mitatu, wala sikuwahi kujiuliza. Binti akawageukia wenzake, akawauliza kwa Kiingereza ng'ombe wamekwenda wapi. Mmoja akasema wamekufa. Binti akakataa: mbona basi watoto bado wanakunywa maziwa, akawaonyesha mstari wenyewe. Makundi ya jirani yakasogea. Wakabishana kwa Kiingereza, juu ya ng'ombe wa watu ambao hawakuwahi kuishi, na yeye akiwa katikati. Nilivua kofia yangu. Nilisimama hapo kama mtu aliyeingia kanisani akakuta ibada imeanza bila yeye.

Kengele ililia. Mzee hakunyanyuka. "Kwetu huwaga hatuachi mstari katikati," alisema, akasubiri mpaka wa mwisho amalize.

Kisha akanirudishia kitabu kwa mikono miwili.

"Pamba nitavuna na mama yake, mwalimu. Huyu abaki awatafute wale ng'ombe."

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akuketishe kati ya watu watakaokusubiri umalize mstari wako, na akupe subira ya kuwasubiri wao.