Hisa za Kifusi

Kampuni yetu ya kununua ardhi ilipogawa kwa kura shamba ililonunua kutoka kwa mzungu nje ya Eldoret, Mama alipata kipande kilichokuwa na nyumba. Nasema kilichokuwa na nyumba kwa sababu mzungu mwenyewe alikuwa hajafika mbali wakubwa wa kamati walipong'oa mabati, milango, madirisha na mbao za sakafu. Mabati hayo yalionekana baadaye kwenye paa la jiko la mwenyekiti. Alipoulizwa, alisema anayatunza kwa niaba ya wenye hisa wote. Sisi tuliachiwa kuta zilizobomolewa, vigae, vioo, jiko la chuma lililoliwa na kutu na sinki la choo lililopasuka.

Mama alikuwa mjane, na ardhi nyingine hakuwa nayo. Kamati ilikuwa imetangaza kwamba atakayekosa kupanda mvua zikianza, kipande chake kitapewa mwingine. Mawingu yalikuwa yanajikusanya tayari.

Nakiri kwamba mimi nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kinyooke. Shule sikwenda, kusoma nilijifunza kwa magazeti ya kufungia sukari, na hata hayo niliyapiga pasi kwanza. Kifusi kile kilininyima usingizi. Nikaenda mjini kutafuta mtu wa trekta, tukapatana aje na trela na vibarua kutoka mtaa wa Langas, wabebe kila kitu wakakitupe katika timbo la zamani, shimo lililoachwa na wachimba mawe.

Trela ilikuwa imejaa nusu mwenyekiti alipofika na kamati yake, wamevaa makoti mazito juani kama watu wanaokwenda kupigwa picha.

"Shusha! Hiyo ni mali ya kampuni."

"Mzee, ni takataka," nikasema.

"Takataka ya nani? Kijana, tulinunua shamba na vyote vilivyo juu yake. Huwezi kutupa mali ya watu bila mkutano."

Mtu wa trekta alicheka mpaka akazima injini. "Kwa hivyo hata hawa nzi wana hisa?"

Vibarua wakashusha vyote, naye akaondoka na trela tupu, bado anacheka.

Mkutano ukaitwa pale pale. Watu wazima, waliokuwa wakituhubiria kila Jumapili juu ya uhuru na kazi, wakakaa kwenye nyasi kubishana juu ya vigae vilivyovunjika. Mwenye hisa mbili apewe vipande mara mbili? Jiko lipimwe uzito au likatwe? Mmoja alitaka vioo vigawanywe kwanza, maana vinapotea upesi. Niliyatazama mawingu kwa hasira na kwa woga, kwani mchana waliouchezea ulikuwa wa Mama.

Mama akasimama. Hakuwa na mpango wowote. Alikuwa amechoka nao tu.

"Wazee, nimesikia. Gaweni. Lakini mtu akishapata haki yake aitoe kwangu leo. Kitakacholala hapa ni changu."

Hayo yaliwachoma. Kwamba mjane angebaki na tofali moja kuwazidi, hilo hawangelivumilia. Wakavua makoti. Kifusi kikaondoka kwa magunia, kwa mkokoteni na juu ya vichwa, kila mtu akichungulia mzigo wa jirani yake. Waliokuwa wamebishana zaidi walitambaa wakiokota misumari iliyopinda. Mwenyekiti alikumbatia sinki la choo kifuani, akateremka nalo polepole kama amebeba mtoto mgonjwa, na kamati ikamfuata nyuma kwa heshima. Sijawahi kuona watu wakifanya kazi ya vibarua kwa moyo namna ile.

Jioni pakawa peupe. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, nikitafuta vipande vya kioo kwa ncha za vidole, Mama alipokuja na jembe na debe la mbegu.

"Bado, Mama. Pana vioo. Ngoja nimalize."

"Wewe okota," akasema. "Mimi napanda."

Akainua jembe, akaniambia niondoe mkono.