Ukuta wa Mutomo umenipa ushauri wa nyumba

Leo ukuta umenishauri kuhusu nyumba, na sijarogwa.

Natafuta chumba cha kupanga hapa Mutomo. Keyateka, yule msimamizi wa nyumba, akanionyesha kimoja kizuri, rangi bado inanukia.

Nikamuuliza, "Maji iko?"

"Kila siku."

Ukuta ukasema, "Jumanne peke yake!"

Asi! Kumbe ni mama wa chumba cha pili, anatusikia kama redio.

Keyateka akaangalia viatu vyake. Mimi nimeshanogewa.

"Na stima?"

"Ikipotea, utazoea," ukuta ukajibu.

Nikauliza la mwisho: "Na majirani, ni watu wazuri?"

Ukuta kimya. Kimya kabisa!

Sasa niambieni: nichukue hiki, ama kile kingine nilichoona kule sokoni, chenye ukuta mnene usiosema ukweli?