Uko Tayari Kusimama Saa Nane?

Mimi ni kinyozi, na upuuzi wa kila aina umekalia kiti changu, lakini huu wa kuomba kazi mtandaoni umezidi. Zamani ulikwenda getini, ukamsalimia mlinzi, ukaambiwa kazi ipo au haipo, ukarudi kwenu. Siku hizi unahojiwa na simu.

Dada yangu mkubwa mtaani wanamwita Fundi Kola. Kola akiishona yeye, hata uilalie, asubuhi utaikuta imesimama. Kiwanda chake cha zamani kilifungwa, akabaki na cherehani ya kukanyaga barazani, anatia viraka suruali za watoto wa watu. Mama yetu amepooza upande mmoja. Hali mpaka alishwe, na kila siku saa nane mchana lazima apate chakula na dawa. Anayemlisha ni dada. Mimi na kijiko hatupatani, nisidanganye.

Basi kiwanda cha sare kilicho nyuma ya mtaa wetu kikatangaza nafasi za mafundi. Maombi ni mtandaoni tu. Mimi nikasema hao matapeli.

"Kiwanda si hicho tunakiona?" dada akasema.

"Kiwanda tunakiona. Wanaouliza maswali ndio hatuwaoni."

Hata hivyo alikaa kwenye kiti cha wateja, mimi nikawa nabonyeza simu. Swali la kwanza: "Je, una shauku ya kushona?" Shauku! Mtu anatafuta riziki, wewe unamuuliza shauku, kwani anaposwa? Swali la pili: "Kama ungekuwa mnyama, ungekuwa mnyama gani?"

"Andika punda," dada akasema. "Si ndiye wanayemtafuta?"

Likaja hili: "Je, uko tayari kusimama saa nane?"

Dada akanizuia mkono. "Saa nane ni mama."

"Sema ndiyo, dada. Nani atajua?"

"Niseme ndiyo, halafu ikifika saa nane niombe ruhusa? Nitaonekana mwongo siku ya kwanza tu. Andika hapana."

Nikaandika hapana. Hata kidole sijakiondoa, jibu hilo: "Asante kwa nia yako. Hatutaendelea na ombi lako." Ebo! Hata kinyozi wa ovyo hutazama kichwa kwanza kabla ya kukata. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila wale wenzetu wamenyoa kipara. Dada alijifuta macho na ncha ya kanga akasema basi, haikuwa riziki yake. Mimi nikasema riziki gani inayokataliwa na kitu kisicho na macho.

Nikafunga saluni, nikamshika mkono mpaka getini.

"Maombi ni mtandaoni," mlinzi akasema.

"Mtandao umemkataa."

"Basi amekataliwa."

Lo! Nikapaza sauti makusudi, mpaka akatoka ofisa wa ajira, kijana wa tai, kishikwambi mkononi. Akampekua dada humo kwa kidole.

"Huyu amejibu kwamba hawezi kusimama. Cherehani zetu mpya unashona umesimama. Swali liko wazi."

"Kusimama naweza, mwanangu," dada akasema kwa upole. "Nisichoweza ni saa nane. Saa nane namlisha mama."

Ofisa akasoma tena, midomo ikichezacheza. "Tulimaanisha... jumla. Kwa siku. Nane."

"Masaa nane!" nikafoka. "Si useme masaa, kama watu wote?"

"Masaa si Kiswahili sanifu," akanijibu, kifua mbele.

Tazameni mtu huyo! Wangapi wamejibu hapana kwa sababu saa nane wanamfuata mtoto shuleni, au wana mgonjwa kama wetu? Hajui, na ukimtazama usoni unaona wala hana haja ya kujua. Nilimdharau mpaka viatu vyake.

"Na hiyo saa nane yenyewe," nikauliza, "humo ndani watu wanafanya nini?"

Mlinzi ndiye aliyejibu. "Mapumziko. Wote wanakaa."

Nilicheka kwa hasira, na nikiwa bado nacheka kengele yao ikalia. Ofisa akatazama tai yake. Labda ni aibu, kama anayo.

"Cherehani ziko wazi sasa hivi," akasema. "Aingie ashone kola moja msimamizi akimwona. Akiweza, kesho anaanza, na mapumziko atakwenda kumlisha mama yake."

Dada hakusogea. Alikuwa akinitazama mimi. "Hiyo ndiyo saa nane imelia," akasema. "Mama."

"Ingia. Mama nitamlisha mimi."

"Wewe?"

"Ingia, dada, kabla hajatuletea mnyama mwingine!"

Akaingia. Nikatoka mbio.

Nyumbani mama alikuwa ameelekeza uso mlangoni. Kijiko cha kwanza nilikimwaga shingoni mwake. Cha pili kikafika. Alitafuna polepole kwa upande ule mzima, akaniangalia, akaangalia mlango.

"Saa nane hii," akasema kwa shida, "dada yako yuko wapi?"

"Amesimama, mama."