Mtani Hashitakiwi

Mshirika wangu wa duka alikuwa mtani wangu, na taabu yote ilianzia hapo. Mimi Msukuma wa Kisesa, yeye Mzaramo aliyepanda na reli mpaka Mwanza, akaishia kwenye baraza yangu ya cherehani. Siku ya kwanza tu alinivua kofia, akaivaa, akadai niikomboe kwa chai. Nikaikomboa. Mtani hakasirikiwi, ukimkasirikia, watu watakuona wewe ndiye huna adabu.

Tukafanya ushirika. Mimi nilishona, yeye alipokea watu, akawapima na kushika fedha. Mdomo alikuwa nao. Uhuru ulipokaribia, kila mwenye mtoto alitaka nguo mpya ya siku ya bendera, na wote walitanguliza arubuni, wengine wakiwa wameuza kuku ili waipate. Arubuni ile ndiyo ingenunua vitambaa kwa Mhindi wa jumla. Jina lililoandikwa mlangoni lilikuwa langu.

Vitambaa havikuja. Kila nikimuuliza aliniambia kesho, basi nikaenda kwa Mhindi mwenyewe. Akanieleza kwa upole kwamba mwenzangu hajakanyaga pale tangu mvua zianze, na kwamba amesikia anajenga nyumba ng'ambo, Sengerema, kwa mama mmoja mwenye mgahawa. Nilirudi dukani, nikaketi kwenye cherehani, nikaendelea na koti la mtu. Nilingoja hasira ije. Haikuja. Nilipatwa na ganzi kama ya mguu uliokaliwa, ila ilikuwa ya mwili mzima.

Mwenzangu aliporudi dukani nilimuuliza tena, na safari hii hakukana. Alisema fedha ya Msukuma ni halali kwa Mzaramo, akacheka, na wateja waliokuwa barazani wakacheka naye. Nikaenda kwa mzee wa mtaa, ambaye alikuwa amesuluhisha nusu ya ndoa za mji ule. Nikamwamkia, nikaketi, nikamweleza. Alinisikiliza vizuri mpaka nilipotaja kabila la mshirika wangu, ndipo akaanza kutabasamu.

"Sasa mwanangu, mtani wako nikamshitaki kwa nani?" alisema. "Nenda na wewe ukachukue cha kwake."

Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo alivyolelewa, na mimi vilevile.

Kabla sijajua la kufanya, baba yangu akafariki kule Kisesa.

Msibani mtani ana kazi zake, na wangu hakuchelewa. Alikuja na lori la kukodi, mchele, sukari, na jora zima la marekani nyeupe kwa ajili ya sanda. Alichimba kaburi jasho likimtiririka. Niseme kweli, alifanya kazi kuliko ndugu zangu. Kuchekesha wafiwa nako ni kazi ya mtani, basi akavaa koti la baba, akachechemea kama baba alivyokuwa akichechemea, mpaka shangazi zangu wakacheka huku wakifuta machozi. Kisha akalishika lile jora, akaliinua juu watu wote walione.

"Mnaiona hii? Hizi ni arubuni za watu wa Mwanza. Nimezila zote, masalia yake ndiyo haya namvisha mzee."

Uwanja mzima ulicheka. Alikuwa amekiri mbele ya ukoo wangu, mbele ya majirani, mbele ya baadhi ya wateja wenyewe waliokuja kunipa pole, na hakuna aliyemsikia. Nilimtazama. Naye akanitazama, na nikaona kwamba alijua kabisa alichokuwa akifanya.

Tulipotaka kutoa mwili, akajilaza mlangoni, akaziba njia. Ndivyo desturi ilivyokuwa kwetu: mwili haupiti mpaka mtani alipwe, naye hukataa hiki na kile mpaka apewe cha kumridhisha. Kaka yangu akampa sarafu, akaitupa. Shangazi akamletea kuku, akasema amekonda. Halafu akaninyooshea mkono mimi. Sikuwa nimepanga kitu. Nilitia mkono mfukoni, nikatoa ufunguo wa duka, nikauweka kiganjani mwake.

"Pokea, mtani," nilisema. "Duka ni lako, na kila aliyeweka arubuni ni wa kwako."

Watu wakacheka kuliko mwanzo. Yeye hakucheka. Sarafu na kuku hukataliwa kwa kuwa ni kidogo, lakini mtani akipewa kikubwa alichokinyooshea mkono msibani hawezi kukirudisha. Akikirudisha ameuvunja utani, na habari zitamfuata mpaka kwao. Hilo alilijua kuliko mimi. Alifumba kiganja, akainuka, akatupisha.

Wateja walirudi mjini na habari kwamba duka sasa ni la Mzaramo, wakaanza kumfuata yeye, kwanza kwa mzaha, baadaye bila mzaha. Nyumba ya ng'ambo iliuzwa kabla haijaezekwa, vitambaa vikanunuliwa. Wengi walipata nguo zao, wengine baada ya bendera kupandishwa, na hakuna aliyekuja kunigongea mimi. Watu wakasema nina akili. Huenda.

Lakini siku ile, tulipotoka na mwili, nilitembea nyuma ya baba nikiwaza ufunguo. Nilitupa udongo kaburini nikiwaza ufunguo, kama atakaa nao kweli au atakuja kuuacha mlangoni pangu. Shangazi alinishika bega, akaniambia nilie, nitapata nafuu. Nikajaribu, kwa sababu ni shangazi na kwa sababu watu walikuwa wakitazama. Baba sijamlilia mpaka leo.