Mujane Mwenye Bwana Muzima

Mimi nauzaka makayabo, samaki ya chumvi, ku soko ya Beu, hapa Beni. Meza yangu inagusana na ya Kavuo, donc mambo yake sihadisiwangi na mutu, nayaonaka na macho yangu. Na hii yenye nitasema, mpaka leo inanichoma roho.

Kavuo alizaliwa Kipese, mu familia ya balimaji, akaolewa huku Beni na Jephté, motari, mwenye kubeba batu na pikipiki. Shamba yabo ya upande wa Mulekera baliiacha juu ya vita. Bikwembe, bitambaa bya bamama kujifunga, njo bilibakia kubakulisha. Lakini hakuuza kama siye wengine tunaonaka. Alinunua piesi ya yadi sita, akaikata bipande bitatu, akashona pembeni, kisha akafunga manyuzi ku mwisho, moja moja, na vidole vyake. Tulimucheka sana. Kikwembe chenye kukatwa, mama mukwe gani atakipokea mu mahari? Kumbe Malachie, mwenye duka kule Butembo, alipeleka bichache ku hoteli moja ya ku kisiwa, mu ziwa ya Uganda. Bageni bakitoka mu mayi banajifunga nabyo. Hoteli ikapenda, maduka ya pembeni ya ziwa nayo ikapenda. Kavuo akaita bamama ba kanisa bamusaidie, batoto yake bakarudi ku masomo. Siye tukameza macheko yetu.

Siku moja Malachie akafika na kikwembe cheusi mu mufuko. Akasema mwenye hoteli, mama moja wa Kampala, anakuja kumuona Kavuo. Donc Kavuo avae cheusi, akae chini ku mukeka, na Jephté asionekane. Juu ya nini? Juu kule kisiwani Malachie alikuwa anaambia batu kama bile bikwembe binashonwa na mujane, bwana yake aliuawa mu vita. Bageni banasikia, banalia, bananunua. Ukweli ukijulikana, komande inakufa, hoteli haitaagiza tena.

Hapa Beni! Hapa kwenye unapita njia moja tu unakuta bajane ba kweli, bengine hata mwili ya kuzika hawakuipata. Machozi ya bale bamama, Malachie anaiuza ku kisiwa pamoja na manyuzi. Na kwetu kifo ya mutu muzima hapana kuitamuka, ni kuiita mu nyumba. Kavuo alimuambia maneno yenye siwezi kurudilia mbele ya batoto, akatupa kile cheusi mu matope. Akasema yeye atapokea mugeni, na bwana yake atakaa pembeni yake. Kama mugeni anakataa bikwembe, akatae.

Mama wa Kampala akafika ku soko, pamoja na Malachie. Kavuo alikuwa amevaa kikwembe yake ya ndoa, ya manjano. Akaita Jephté.  Akaita tena. Tukamutafuta, tukamukuta nyuma ya meza yangu, amechutama, na telefone mupya mu mukono. Ile telefone, Malachie njo alimupatia. Jephté alijua tangu mwanzo! Bamemuuza kama maiti, na yeye akakula bei yake, akanyamaza, na kila jioni analala pembeni ya bibi yake. Kavuo akamukamata ku shati, akamufikisha mbele ya mugeni.

Mama akauliza huyu ni nani. Kavuo akaacha bwana ajibu mwenyewe. Jephté akaangalia Malachie, kisha akaangalia chini.

"Mimi ni shemeki yake," akasema. "Ndugu ya marehemu."

Nilitaka kumupiga na makayabo ku uso, Mungu anisamehe. Kavuo hakulia. Alimuangalia kidogo, kisha akageukia mugeni.

"Mama, bwana yangu amekufa kweli. Amekufa sasa hivi, na wewe ni shahidi."

Kisha akamuelezea yote, Malachie akimukata maneno kila mara. Mama akasikia mpaka mwisho, akaingia mu gari yake. Komande haikurudia tena. Kavuo anauza bile byenye kukatwa hapa Beu, kwa bamama benye kufungia batoto ku mugongo, na bengi wao ni bajane.

Jephté analala kwa kaka yake. Kila wiki anatuma bazee ba kanisa bamuombee musamaha. Kavuo anabapatia kiti, anabapatia chai, kisha anabauliza: maiti inaombaka musamaha tangu lini?