Doti ya Kufunikia Chupa za Mafuta

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila duka la Kariakoo lilijaza mafriji, na transfoma zetu zikawa hoi. Mume wangu alikuwa fundi wa hizo transfoma. Mimi nilikuwa nauza khanga, na muuza khanga hapotezi doti asijue. Siku hiyo ilipungua moja, nyeusi yenye maua mekundu, ile niliyojiwekea mwenyewe.

"Nimeipeleka maabara," akasema mume wangu huku anakula. "Ya kufunikia chupa za mafuta."

Chupa zivae khanga! Mimi mtoto? Maabara ile ya Posta ilikuwa na mkemia, mwanamke, na kila jioni nililishwa habari zake: mkemia kasema hivi, mkemia kasema vile. Wivu ukanipanda. Nikafunga duka mchana kweupe, huyo nikaenda.

Mkemia akanipokea na koti lake jeupe na sauti ya asali. "Karibu, dada." Akafungua kabati. Kweli bwana, chupa zimeviringishwa vipande vya khanga yangu!

Akanieleza. Ndani ya transfoma nyaya zimezungushiwa karatasi. Karatasi zikizeeka huacha dalili kwenye mafuta, na mafuta ndiyo yanayopimwa, maana karatasi zenyewe huzioni mpaka uifungue transfoma yote. Lakini dalili hizo nazo hazidumu. Chupa ikikaa kwenye mwanga na joto zinavunjika, halafu kipimo kinakwambia transfoma bado kijana, kumbe ndani imechakaa. Chupa za rangi nzito zilikuwa hazijaletwa, ndiyo mume wangu akajitolea kuleta khanga.

Nikashusha pumzi. Loo, nimefunga biashara nimekuja kuzionea wivu chupa! Nikacheka peke yangu, nikamsifu kwa kazi yake, nikaomba maji ya kunywa.

Alipoenda kuyachukua, macho yangu yakarudi kabatini yakaviunganisha vile vipande, pindo kwa pindo. Vilikuwa vya upande mmoja tu. Doti ni pande mbili.

"Dada," nikamuuliza aliporudi, "upande wa pili uko wapi?"

Akainama kuweka glasi mezani, koti likaachana kifuani, akaanza kufunga vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, mpaka shingoni. Alichelewa. Gauni la ndani lilikuwa jeusi, lenye maua mekundu, limeshonwa likamkaa.

"Funika tu, mama," nikamwambia. "Mimi nimeshapima."