Geti Lililosahau Watu Wake

Asubuhi ile mke alikunywa chai akiwa amesimama, kama kawaida yake. Mezani palikuwa na rimoti ya geti ya mteja, imefunguliwa, naye anakwangua kutu penye betri kwa ncha ya kisu. Mumewe akamwambia akae.

"Nikikaa, wewe ndiye utakayeniinua na mgongo huo?"

Wakacheka. Watu walimwita Mama Rimoti, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza rimoti na mageti ya umeme. Mume walimwita Mkoba, kwa kuwa tangu aache kazi ndiye aliyembebea vifaa.

Simu ikaita. Ni binti wa mtaa wa nyuma, analia. Baba yake kabanwa na kifua, yumo garini, geti halifunguki.

Wakaenda mbio za wazee. Geti lilikuwa la kuteleza, bati zito, halina mlango mdogo. Ufunguo wa kulifungulia kwa mkono ulikuwa umekatikia tunduni. Boksi la mota liko ndani, wao wako nje.

"Ulifanya nini, mwanangu?" Mama Rimoti akauliza, mdomo kwenye ufa wa geti.

"Mapema leo nilitaka kuongeza rimoti mpya. Nikabonyeza kitufe cha kwenye boksi. Sasa hakuna hata moja inayokubali."

"Ulikishikilia?"

"Mpaka taa ikazimika."

Mama Rimoti akamgeukia mumewe. "Limesahau watu wake wote," akanong'ona.

Kulifundisha upya si kazi. Unagusa kitufe, unaachia hapo hapo, kisha unabonyeza rimoti. Ukikishikilia, linafuta rimoti zote tena.

Mama Rimoti akamweleza binti, naye akajaribu. Akashikilia. Akarudia, akashikilia tena. Kidole kilimganda kwa woga. Mume alimsikia mzee garini akivuta pumzi kama msumeno kwenye mti mbichi. Halafu hakusikia kitu.

"Baba kanyamaza," binti akasema.

Mume akakamata bati avute. Mkewe akampiga mkono.

"Likitoka kwenye reli, Mkoba, hatoki mtu humu."

Akarudi kwenye ufa. Sauti yake ilishuka.

"Mwanangu, sahau kidole. Piga hodi tu. Neno likianza, gusa. Likiisha, uwe umeshatoa."

Mume akaliachia bati.

"Hodi," binti akasema.

"Taa?"

"Imewaka."

"Basi bonyeza rimoti, useme karibu."

Binti akabonyeza tu. Mama Rimoti akamsemea, polepole, kama yuko sebuleni kwake. "Karibu."

Mota ikanguruma. Geti likasogea. Binti akadondosha rimoti, akarukia usukani, na gari likatoka likikwaruza ubavu kabla nafasi haijatosha.

Yule mzee aliwahishwa hospitali. Yupo mpaka leo. Mama Rimoti ndiye ambaye hakumaliza wiki. Siku ya tatu alijilaza mchana, akasema ni uchovu, hakuamka.

Lakini pale getini alikuwa mzima, kaegemea ukuta, jasho linamtiririka shingoni. Mume akaiokota rimoti mchangani, akaifuta kwa shati, akaielekeza kwenye mota. Nyumba ya watu haiachwi wazi. Mkewe akamshika kiganja, akakishusha.

"Usilifunge, mume wangu. Wenyewe bado hawajarudi."